Re: DHDPS ipo kwenye mahindi, laisini haipandi

Habari mkuu. Kama nimekusoma vizuri, umeweka kwenye mahindi jeni ya DHDPS (enzaimu inayoanzisha tawi la kutengeneza laisini, asidi amino ambayo mahindi yanayo kidogo) kutoka bakteria Corynebacterium, ile isiyozuiwa na laisini, ukatumia promota ya endospemu (swichi ya kuwasha jeni kwenye sehemu ya akiba ya chakula ya punje), PCR na western (vipimo vya jeni na protini) zimekubali ila laisini ya mbegu iko pale pale. Usianze kubadili konstrakti (kipande cha DNA ulichoingiza) bado.

Pima kwanza sakaropini na aminoadipiki (zinazotokea laisini ikivunjwa) kwenye mbegu changa, siku kama 20 hivi baada ya uchavushaji, maana hapo ndo LKR/SDH (enzaimu inayovunja laisini) inakua na moto kwenye endospemu ya mahindi, hiyo ni protini moja yenye kazi mbili, LKR inaunganisha laisini na oksoglutareti inakua sakaropini halafu SDH inaivunja, kwahiyo we unajaza ndoo iliyotoboka. Sakaropini ikiwa juu kuliko mmea wa kawaida basi enzaimu yako inafanya kazi, tatizo ni uvunjaji.

Sisi huwa tunatenganisha pia laisini huru na ile iliyo ndani ya protini, ukipima jumla tu badiliko dogo linapotea humo, zeini zenyewe (protini kuu za akiba za punje) karibu hazina laisini kabisa.

Ikiwa ni hivyo, hamishia jeni kwenye kiinitete (mahindi ya LY038, yale ya GMO yenye laisini nyingi, yalienda njia hiyo) au zima LKR/SDH kwa RNAi (RNA inayonyamazisha jeni). Kuchanganya na opaque-2 (mahindi ya badiliko la jeni yenye laisini zaidi) nako kunasaidia, LKR yake iko chini, ila punje zinakua laini, mi sipendi.

Sakaropini ikiwa kawaida, rudi ukague aspateti kinezi (enzaimu ya hatua ya kwanza kabisa ya njia ya laisini, kabla ya DHDPS), nayo inabanwa na laisini na threonini. Weka namba zako hapa tuzione.