Re: Shujaa wangu amtoroke vipi mumewe Moshi bila msomaji kuguna?

Dada, umeuliza shujaa wa hadithi yako, anayemtoroka mumewe mjini Moshi, afikeje Arusha bila msomaji kuona umebahatisha. Usimkimbize usiku wa manane. Mpandishe Coaster ya asubuhi: ni kilomita kama 80, hofu inatosha. Gari limesimama Boma Ng'ombe kupakia, mtoto analilia ndizi za dirishani, na kondakta anamwangalia kama mtu anayemfahamu.

Wengi huharibu kwenye simu. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mume, mume ana uwezo wa kwenda kuirudisha, akasoma salio na miamala yote. Kwa hiyo pesa ziwe noti, elfu mbili leo, elfu tano kesho, ndani ya kopo la unga wa ulezi. (Asifiche chini ya godoro, tumechoka.)

Kipigo cha mume kiache karatasi: PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aichukue Dawati la Jinsia kituoni, daktari aijaze, irudi polisi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi. Ila kabla ya kudai talaka, kwa kawaida shauri hupita baraza la usuluhishi la ndoa. Hapo una sura yako bora: aliyetoroka anaketi benchi moja na aliyemtoroka, na wazee wanamwambia avumilie.

Yule kaka wa Tengeru uliyemweka kwenye hadithi asimwokoe shujaa. Mlete wakati shujaa ameshapanga chumba chake mwenyewe, na kaka akibisha hodi, shujaa achelewe kufungua.