Wastani, mediani na modi: mambo ya kujua mapema ukianza kazi ya data

Hii ni kwa ajili ya nyie mnaoanza, uwe umeingia mwaka wa kwanza chuo ukakutana na somo la takwimu, uwe umepata fildi kwenye shirika ukapewa data za dodoso uzisafishe, au bado uko form three na mwalimu ndo kwanza ameandika ubaoni fomula ya wastani, sigma fx gawanya kwa N. Wengi mnajua kukokotoa, hilo halina shida, shida inakuja pale mtu anapoulizwa "kwa nini umetumia wastani hapa?" anabaki kimya. Jibu la hilo swali ndo kazi yenyewe, kukokotoa hata simu inakokotoa.

Tuanze na hela maana hela ndo inafundisha haraka. Chukua kampuni ndogo ya watu 9, mishahara yao kwa mwezi ni laki 3, laki 3, laki 3, laki 3 na nusu, laki 4, laki 4 na nusu, laki 5, laki 6, halafu mkurugenzi anachukua milioni 4 na laki 9. Jumla ni milioni 8 na laki 1, gawanya kwa 9 unapata laki 9. Sasa niambie ni nani pale anayelipwa laki 9 au hata karibu na hapo? Hakuna, watu 8 kati ya 9 wako chini kabisa ya huo wastani. Mediani, yaani yule wa katikati ukishawapanga kuanzia mdogo mpaka mkubwa, ni wa 5, laki 4. Modi, ile inayojirudia zaidi, ni laki 3. Kampuni ni ile ile, watu ni wale wale, na majibu yote matatu ni sahihi. Halafu mpandishie mkurugenzi peke yake afike milioni 9 na laki 4, wastani unaruka mpaka laki 14, yaani milioni 1.4, wakati mediani haijasogea hata shilingi na hakuna mfanyakazi aliyeongezwa chochote. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa "wastani wa mshahara kwetu ni fulani" uliza mediani ni ngapi kabla hujaacha kazi uliyonayo.

Kuna watu wakishaelewa hapo wanaenda upande wa pili, wanaanza kusema wastani ni mbaya, tutumie mediani kila mahali. Hapana jamani. Wastani una kitu mediani haina, ukiuzidisha na idadi ya watu unapata jumla, na kwenye kupanga bajeti au kuagiza dawa unachohitaji ni jumla. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, hamna kaya yenye watu 4 na kipande cha mtoto lakini ile namba inafanya kazi, ukijua wilaya ina kaya elfu 10 unajua unaongelea watu kama elfu 43. Mediani huwezi kuifanyia hivyo.

Ila hata hapo kuna kitu cha kuangalia. Kwenye kugawa vyandarua mpango ni chandarua kimoja kwa watu wawili, lakini WHO wanashauri wakati wa kukadiria ugawe idadi ya watu kwa 1.8, sio kwa 2. Kwa nini? Kwa sababu kaya yenye watu 5 inahitaji vyandarua 3, huwezi kuipa viwili na nusu, na kaya za namba witiri ni nyingi. Mtu aliyeshika wastani tu akagawa kwa 2 anafika kijijini vyandarua vinaisha wakati watu bado wako foleni. Mfano huu naupenda sana manake unaonyesha kuwa ile namba moja imeficha kaya moja moja, na wewe unayeandaa data ndo unatakiwa kukumbuka kuwa zipo.

Modi watu wanaidharau sana. Lakini ukiuliza "chanzo chenu cha maji ni nini" ukaweka namba 1 kwa bomba, 2 kisima, 3 mto, ni modi peke yake ndo ina maana. Kuna mtu ataweka safu nzima kwenye Excel aandike AVERAGE apate 1.8 na ataiweka kwenye ripoti kabisa. Sasa 1.8 ni nini, bomba linaloelekea kisima? Namba ikiwa ni jina tu la kitu usiitafutie wastani. Zikiwa na mpangilio, mfano hajasoma, msingi, sekondari, chuo, hapo mediani inakubali.

Tukiwa bado kwenye maji, data za muda wa kuchota maji mara nyingi zina vilima viwili, walio karibu na bomba dakika 10, walio mbali dakika 90, wastani unakuja dakika 50 kama makundi yanalingana na hakuna mtu hata mmojawapo anayetumia dakika 50. Chora histogramu kwanza, ule mchoro wa nguzo unaoonyesha watu wangapi wako kwenye kila kundi la namba. Kila mara. Ikionyesha vilima viwili watenganishe hao watu uripoti kila kundi peke yake.

Lingine ambalo hamfundishwi darasani ni 999. Madodoso mengi yanaweka 99 au 999 kwa mtu aliyesema hajui au amekataa kujibu. Una watu 20, 19 wana wastani wa miaka 30, mmoja umri wake umeandikwa 999, wastani wa wote unakuwa miaka 78. Mediani haitashtuka sana, ndo maana mimi natoa zote mbili kwa kila safu kabla sijafanya chochote, zikipishana kwa mbali najua kuna kitu, ama kuna matajiri wachache wa kweli ama kuna uchafu. Halafu jua kwamba Excel inaruka seli tupu lakini sifuri inaihesabu, na namba iliyohifadhiwa kama maandishi inairuka kimyakimya bila kukwambia.

Usichukue wastani wa wastani. Shule moja ina wanafunzi 200 wastani wao 40, nyingine wanafunzi 20 wastani 70, ukijumlisha ukagawa kwa mbili unapata 55, jibu sahihi ni 42.7 kwa sababu lazima urudi kwenye jumla, 8000 na 1400, ugawe kwa 220.

Wa form three, kwenye data za makundi, ile L ya kwenye fomula ya mediani ni mpaka wa chini wa kundi, kundi la 40 mpaka 49 L ni 39.5 na i, yaani upana wa kundi, ni 10, sio 9. Na kama data hazijawekwa kwenye makundi, zipange kwanza ndo utafute ya katikati, idadi yake ikiwa shufwa jumlisha mbili za kati ugawe kwa 2.

Mediani nayo isomwe vizuri. Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Marekani, aligundulika na kansa ya mesothelioma mwaka 1982, machapisho ya kitabibu yakisema mediani ya kuishi ni miezi 8 tangu igundulike. Mtu mwingine angesoma hapo akaona amebakiza miezi 8. Yeye alizoea namba, akaona maana yake nusu ya wagonjwa wanavuka hiyo miezi 8, na upande huo mkia ni mrefu, wapo wanaoishi miaka mingi, akaangalia umri wake, hatua ya ugonjwa na matibabu aliyokuwa anapata akaona ana sababu ya kujiweka kwenye huo mkia. Aliishi miaka 20, akafariki 2002 kwa kansa nyingine.

Kwa hiyo ukiandika ripoti usiache namba ya katikati ikae peke yake. Andika watu walikuwa wangapi, mediani ngapi, robo ya chini inaishia wapi na robo ya juu inaanzia wapi, na kama umetumia wastani weka na mchepuko wake, yaani namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, halafu useme kwa sentensi moja kwa nini umechagua hicho. Msimamizi wako akiuliza, jibu liko tayari kwenye karatasi.