Printa ya leza, kompyuta mbili, na herufi za Kiarabu zinazogeuka vijumba

Mkuu wa Lindi uliyeuliza kuhusu steshenari yako: kompyuta mbili, printa moja ya leza, na mitihani ya madrasa inayotoka vijumba vitupu. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kuunganisha ni jepesi. Achana na kuhamisha waya wa USB kila saa. Kama printa ina tundu la waya wa mtandao, ichomeke kwenye ruta, ipe anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika, kisha weka draiva, yaani programu ya kuongea na printa, kwenye kila kompyuta. Waya huo unafika mpaka mita 100, na bando halihitajiki.

Herufi ndizo zenye kazi. Kwanza tazama skrini. Vijumba vikiwa hata kwenye skrini, fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi, haimo kwenye kompyuta yako. Mteja kaandika kwake, kakuletea flashi tu. Mwambie alete PDF yenye fonti ndani yake. Skrini ikiwa safi na karatasi mbovu, shughulika na draiva.

Printa nyingi za ofisini huja na fonti zake tangu kiwandani. LaserWriter ya Apple ya mwaka 1985 ilikuwa na 13, baadaye printa za PostScript (lugha ya kuielezea printa ukurasa) zikazoeleka kuja na 35, na karibu zote ni za Kilatini. Kiswahili kinapita bila shida. Kiarabu hakimo, kwa hiyo kompyuta lazima iitume fonti pamoja na kazi. Ingia kwenye mipangilio ya draiva, zuia kubadilisha fonti za kompyuta kwa za printa. Ikigoma, chagua maandishi yachapwe kama picha. Hapa Mtwara mitihani ya madrasa naichapa hivyo, na irabu zote zinakaa mahali pake. Mwalimu wa madrasa hawezi kumpa mtoto karatasi yenye irabu zilizohama, kwa hiyo hata kazi ikichelewa kidogo mimi naona ni sawa. Inachelewa kwa sababu ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi ni kama MB 4 kabla ya kubanwa.

Kuhusu kuhifadhi fonti ndani ya printa: zikikaa kwenye memori ya kawaida, umeme ukikatika zimefutika, na huku kwetu unajua umeme ulivyo. Zinadumu tu kama printa ina diski au flashi yake ya ndani. Printa nyingi za bei ya chini hazina fonti wala pa kuziweka, kompyuta ndiyo inachora ukurasa mzima. Kabla ya kununua nyingine uliza kama inaelewa PostScript au PCL, lugha nyingine ya aina hiyo.

Na tafadhali usiichomeke printa ya leza kwenye UPS ya kompyuta, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Ile sehemu inayoyeyusha tona (wino wa unga) hufyonza umeme mwingi kwa mkupuo, UPS itazidiwa na kompyuta zako zitazimika nayo.

Weka hapa modeli ya printa, nikuelekeze mipangilio ilipo.