Kabla Hujauamini Msitu wa Kwenye Kompyuta

Wewe unayeanza kazi ya kuiga mwanga ndani ya msitu kwa kompyuta, nakuomba jambo moja kabla hujapakia miti elfu moja: anza na msitu ambao jibu lake unalijua tayari. Tengeneza tabaka moja la majani madogo bapa, yaliyotawanyika ovyo na kuelekea kila upande, juu ya udongo mweusi usioakisi chochote. Yakiwa na jumla ya mita za mraba 3 kwa kila mita ya mraba ya ardhi, mwanga unaoshuka wima na kufika chini bila kugusa jani hata moja ni takriban asilimia 22. Hesabu hiyo unaifanya kwa kalamu. Programu yako ikitoa 22, endelea. Ikitoa 30, kuna kosa, na usilitafutie maelezo ya kiikolojia.

Mimi sikuanza hivyo. Nilianza na misonobari iliyochorwa sindano kwa sindano, na picha iliyotoka ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliiamini papo hapo. Katika mwanga mwekundu matokeo yalikaribiana sana na vipimo vya setilaiti. Katika infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana kwa macho ulio baada tu ya mwekundu, msitu wangu ulikuwa na giza. Nikakaa wiki tatu nikibadilisha klorofili, maji ya jani, hata rangi ya gome. Kosa halikuwa huko. Nilikuwa nimeiambia programu iiache kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, baada ya kugonga mara tano.

Hapa nakaa kidogo, maana ukilielewa hili umeelewa nusu ya fani. Jani hai hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu. Tuseme linarudisha sehemu moja tu kati ya kumi. Baada ya kugonga majani mawili imebaki moja ya mia, kwa hiyo ukikata hesabu mapema hupotezi kitu. Katika infraredi ya karibu jani halifyonzi karibu chochote. Tuseme tisa kati ya kumi hutoka tena, nyingine juu, nyingine chini kupitia upande wa pili wa jani. Fotoni ambayo haijapata upenyo wa kutoka, baada ya kugonga mara tano bado ina asilimia 59 ya nguvu yake. Baada ya mara kumi, asilimia 35. Mimi nilikuwa naitupa yote hiyo, ndiyo maana nyekundu ilikaa sawa na infraredi ikaharibika. Siku hizi siweki kikomo kigumu. Fotoni ikishadhoofika naipigia kura: nyingi zinakufa, chache zinazobaki zinaongezewa uzito wa zile zilizokufa, na jumla haibadiliki.

Jumla hiyo uichapishe kila unapoendesha programu. Mwanga ulioingia lazima ulingane na ulioakisiwa kwenda juu, uliofyonzwa na majani, uliofyonzwa na shina na matawi, na uliofyonzwa na udongo. Mstari mmoja tu mwishoni mwa faili ya matokeo. Mimi ungeniokolea zile wiki tatu zote. Utakuonyesha pia kama mwanga unavujia pembeni: kipande cha msitu cha mita 30 kwa 30 kikisimama peke yake hakina majirani, na miale mingi hutoka ubavuni. Fanya kipande kijirudie pande zote, ili mwale unaotokea kulia uingie tena kushoto kwa mwelekeo uleule.

Kuhusu pembe za jua, angalia kama programu inapima kutoka utosini au kutoka upeo wa macho, na kama inataka digrii au radiani. Usijaribie kwa digrii 45, kwa sababu hapo kupima kutoka utosini na kupima kutoka upeo wa macho kunatoa namba ileile na kosa linajificha. Tumia 20.

Sifa za jani lenyewe usizibuni. Modeli ya PROSPECT, iliyotolewa na watafiti Jacquemoud na Baret mwaka 1990, inakupa uakisi wa jani (mwanga linaourudisha) na upenyaji wake (mwanga unaopita hadi upande wa pili) kutokana na klorofili, maji na, katika matoleo ya baadaye, mada kavu. Chukua vyote viwili. Nimewaona wengi wakipima uakisi kisha upenyaji wakaukisia, na katika infraredi kisio hilo linaharibu kila kitu.

Kipimo kingine ninachokipenda: zungusha kihisi chako kwenye bapa la jua, yaani bapa la wima linalopita kwenye jua, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kinapofika mahali ambapo jua liko nyuma yake moja kwa moja, vivuli vyote vinajificha nyuma ya majani yanayovitupa, na msitu unang'aa ghafla. Kilele hicho kisipotokea, modeli yako inayachukulia majani kama gesi isiyo na ukubwa. Ukitaka kujilinganisha na wengine, mfululizo wa majaribio ya ulinganishi uitwao RAMI umekuwa ukipambanisha modeli za aina hii tangu 1999, na miongoni mwa mandhari zake imo misitu halisi ya Järvselja, nchini Estonia.

Usiogope chembechembe kwenye picha, ila ujue bei yake: kuzipunguza kwa nusu kunadai miale mara nne.

Mwisho utaombwa ugeuze hesabu: upewe uakisi wa setilaiti, utaje wingi wa majani. Kumbuka ile asilimia 22. Majani yakiongezeka kutoka 3 hadi 6, mwanga unaofika chini bila kuguswa unashuka hadi asilimia 5 hivi, na udongo karibu hauonekani tena. Kuanzia hapo ukizidisha majani, uakisi mwekundu hausogei kwa kiasi cha maana. Kompyuta bado itakupa jibu, kwa mfano 5.2, lenye desimali yake. Usiliandike peke yake. Hifadhi kila msitu wa kuigwa ambao uakisi wake umeangukia ndani ya kosa la kipimo, kisha tazama wingi wa majani yao umeanzia wapi na kuishia wapi. Ukikuta ni kuanzia 3.8 hadi 7, hiyo ndiyo namba ya kumpelekea aliyekutuma.