Machine Head ni Albamu ya Kinanda

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji ni albamu gani ya zamani tuliyoirudia, na masikio yetu ya leo yamesikia nini humo. Yangu ni Machine Head ya Deep Purple, kundi la roki la Uingereza, iliyotoka Machi 1972. Dunia nzima inaijua kama albamu ya gitaa, lakini mimi nasema anayeibeba tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho ni mpiga kinanda, Jon Lord.

Najua wapenzi wa Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa kundi hilo, watanijia juu. Blackmore ni fundi, wala simpunguzii hata nukta moja. Ila wengi wa rika langu tuliipokea albamu hii kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo hiyo ilinakiliwa kutoka ya mtu mwingine. Kwenye kaseti ya namna ile kinachopenya ni gitaa na sauti ya mwimbaji, Ian Gillan, anapopanda juu kabisa. Vingine vyote vinageuka mvumo mmoja mzito huko chini. Ule mvumo ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana sehemu kubwa yake ilikuwa Lord.

Mimi napiga kinanda kanisani, kwaya ya Walutheri, huku Moshi. Mpiga kinanda wa kwaya anajua kitu ambacho msikilizaji wa kawaida hana sababu ya kukijua: kazi yake nyingi haisikiki kama kazi. Unajaza nafasi kati ya sauti ya pili na ya tatu, unawashika besi wasizame, unamwachia mwimbaji wa solo mlango wazi wa kuingilia. Ukifanya vizuri watu wanasifu kwaya. Nilipoirudia Machine Head kwa hedifoni nzuri, baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, nilimsikia mwenzangu.

Niseme kidogo kuhusu chombo chenyewe. Hammond ni kinanda cha umeme kilichobuniwa na Mmarekani Laurens Hammond na kuanza kuuzwa mwaka 1935. Ndani yake mna magurudumu madogo ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku, na kila gurudumu linatoa sauti yake. Mpigaji anazichanganya sauti hizo kwa kuvuta na kurudisha vijiti vilivyo juu ya vibonyezo. Makanisa mengi yalikinunua kwa kuwa hayakuwa na uwezo wa kujenga kinanda cha mabomba. Baadaye wapiga jazi kama Jimmy Smith wakakitoa kanisani na kukipeleka kwenye vilabu vya usiku, na Lord alikuwa mpenzi mkubwa wa Jimmy Smith. Lakini pia alikuwa amejifunza piano ya kiklasiki tangu utotoni kule Leicester, na mwaka 1969 alikuwa ameshatunga kazi ndefu iliyopigwa na Deep Purple pamoja na Royal Philharmonic Orchestra katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London.

Mtu wa malezi hayo angeweza kukaa kando na kupamba. Lord alifanya jambo jingine. Aliichukua Hammond akaiunganisha na amplifaya za Marshall, zile zile zilizotengenezwa kwa ajili ya magitaa, akaziongeza mpaka sauti ikaanza kukwaruza na kukoroma. Kinanda kilichozoea kubembeleza waumini sasa kikawa na meno. Ndiyo maana wengi wamesikiliza albamu hii maisha yao yote wakidhani wanasikia magitaa mawili.

Habari za kurekodiwa kwake zinajulikana, lakini lazima nizitaje kwa sababu zinaeleza kwa nini inasikika vile. Desemba 1971 kundi lilikwenda Montreux, Uswisi, mji ulio kando ya Ziwa Geneva, likiwa limekodi lori lenye studio ndani, mali ya kundi la Rolling Stones. Mpango ulikuwa kurekodi ndani ya kasino ya mji huo mara msimu wa maonyesho utakapokwisha. Onyesho la mwisho lilikuwa la Frank Zappa na kundi lake, tarehe 4 Desemba. Katikati ya muziki mtu mmoja katika hadhira akafyatua bastola ya miale ya ishara kuelekea dari, jengo likashika moto na kuteketea. Hakuna aliyekufa, na mmoja wa waliosaidia kuwatoa watu alikuwa Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux. Deep Purple waliutazama moshi ukitanda juu ya ziwa, na kesho yake hawakuwa na pa kufanyia kazi.

Walijaribu kwanza ukumbi mwingine mjini hapo, uitwao Pavilion. Majirani wakalalamikia kelele za usiku, polisi wakaja, na mafundi wa kundi wakaishikilia milango isifunguke mpaka wimbo uliokuwa ukirekodiwa ukamalizika. Wimbo huo haukuwa na maneno wala jina bado. Kisha wakahamia Grand Hotel, hoteli tupu iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapanga vyombo kwenye korido na kuweka magodoro ya kuzuia mwangwi. Lori lilikuwa nje, na njia ya kulifikia ilipita vyumbani na kwenye roshani, kwenye baridi kali. Ilikuwa taabu kwenda kusikiliza kila walichorekodi, basi wakaacha kwenda. Walipiga mpaka wenyewe wakaridhika, wakaendelea na wimbo mwingine.

Hapo ndipo siri ya albamu hii ilipo kwa maoni yangu. Watu watano wanapopiga bila kwenda kujisikiliza, wanalazimika kusikilizana pale pale. Ian Paice kwenye ngoma, Roger Glover kwenye besi, Gillan, Blackmore na Lord: kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Martin Birch, fundi mitambo aliyekaa ndani ya lori, alikuwa na busara ya kuiacha nafasi hiyo ibaki. Korido ile unaisikia. Sauti si kubwa kama ya ukumbi, wala si kavu kama ya chumba cha studio.

Chukua Highway Star, wimbo wa kwanza. Ulianza kutungwa Septemba 1971 ndani ya basi lililokuwa likiwapeleka Portsmouth, mwandishi wa habari alipowauliza nyimbo zao wanazitungaje. Blackmore akachukua gitaa akaanza, Gillan akaweka maneno, na usiku huo huo wakaupiga jukwaani. Kila mtu anaukumbuka kwa solo ya gitaa, ile inayopanda na kushuka ngazi kwa namna ya Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani. Lakini anayetangulia ni Lord. Solo ya kwanza katika wimbo ule ni ya kinanda, na ndiyo inayoileta hewa ya Bach mapema, mkono wa kulia ukikimbia juu ya kodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, zinazobadilika kwa mpangilio. Blackmore anapoingia baadaye anakuta uwanja umeshalimwa. Isikilize solo ya kinanda mara tatu mfululizo kabla ya kuiacha ile ya gitaa iingie, na sidhani kama utausikia wimbo huo kwa namna ya zamani tena.

Maybe I'm a Leo na Pictures of Home zinafuata. Ya kwanza inakwenda kwa mwendo wa kunesa, na naipenda zaidi kila mwaka. Ya pili inafunguliwa na ngoma za Paice peke yake, ina mahali ambapo Glover anapewa dakika yake ya kupiga besi akiwa mbele, na mwishoni inajifanya imekwisha kisha inarudi. Never Before ndiyo iliyochaguliwa kutoka kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasikika kama wimbo uliotungwa kwa ajili ya redio.

Sasa Smoke on the Water. Wimbo wa Pavilion, ule uliorekodiwa milango ikiwa imeshikiliwa, ndio uliokuja kupata maneno yanayosimulia moto wa kasino, na jina lake lilimjia Glover alipokuwa akiamka usingizini. Haukutarajiwa kuwa chochote. Ulitolewa kama singo Marekani mwaka 1973 tu, zaidi ya mwaka mmoja baada ya albamu, ukapanda hadi nafasi ya 4 kwenye chati za huko. Leo kila anayejifunza gitaa anauanza siku ya kwanza, na wengi wanaukosea, kwa sababu Blackmore hatumii kipiga nyuzi pale. Anazichuna nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole.

Mara ya kwanza mpigo ule wa gitaa unaorudiwa katika wimbo unapopita, gitaa liko peke yake, na ukweli ni kwamba ni jembamba. Halafu yanaingia matoazi ya Paice, na pamoja nayo Lord, akiupiga mpigo ule ule kwenye Hammond inayokwaruza, nota kwa nota. Hapo ndipo unapopata uzito uliozunguka dunia nzima. Kisha ngoma zinakamilika, kisha besi, na Gillan anaanza kusimulia. Walioujenga ni wengi, lakini ule utisho wa mwanzo, ule unaomfanya mtu anyanyue kichwa, unatoka kwenye kinanda. Ukitaka uthibitisho, msikilize kijana yeyote anayeupiga kwa gitaa moja dukani mwa vyombo vya muziki. Nota ni zile zile, lakini kuna kitu kimekosekana.

Lazy ndiyo kilele changu. Ni zaidi ya dakika saba za bluzi, na inafunguliwa na Lord akiwa peke yake, kinanda kikiguna na kupepesuka, kodi zikivutwa mpaka karibu zikatike. Halafu anatulia, anaanza kuchezea wazo dogo kwa mkono mmoja, na bendi nzima inamfuata polepole. Gillan haimbi mpaka baada ya kama dakika nne, na akija anakuja pia na kinanda cha mdomo. Kabla ya hapo ni mazungumzo ya Lord na Blackmore, wakipokezana bila mmoja kumkatisha mwenzake. Nimewapigia vijana wa kwaya yangu sehemu hiyo ya mwanzo. Mmoja aliniuliza kama kweli hicho ni chombo cha ukoo mmoja na tunachokipiga Jumapili. Ndiyo, ni ukoo mmoja. Tofauti ni amplifaya, na ujasiri.

Albamu inafungwa na Space Truckin', wimbo wa furaha tupu, gitaa na kinanda vikitembea bega kwa bega. Walipokwenda Japani Agosti mwaka huo huo wa 1972, wakarekodi maonyesho ya Osaka na Tokyo yaliyozaa albamu ya Made in Japan, wimbo huu ulirefuka hadi dakika kama 20, na sehemu kubwa ya safari hiyo usukani ulikuwa mikononi mwa Lord. Anayeona nimetia chumvi kuhusu yeye akasikilize hapo.

Zote saba hazifiki dakika arobaini. Bendi za siku hizi zingeweka nyimbo kumi na tano.

Kwa wenye hamu ya kuanza upya: mwaka 2024 lilitoka toleo lenye mchanganyo mpya wa sauti uliofanywa na Dweezil Zappa, mtoto wa yule yule Frank Zappa ambaye vyombo vyake viliteketea kasinoni. Ni heshima nzuri, na inafaa kusikilizwa. Lakini kama hujawahi kuisikia kabisa, anza na ule wa 1972, kwa sababu ndio walioutoa wenyewe.

Nina malalamiko moja tu, na nimeyabeba muda mrefu. Katika siku zile za Montreux walirekodi pia When a Blind Man Cries, wimbo wa polepole, wa huzuni, Gillan akiimba kwa sauti ya chini ambayo hatumsikii nayo mahali pengine kwenye albamu. Haukuwekwa. Uliishia upande wa pili wa singo ya Never Before, na ni kwenye matoleo ya miaka ya baadaye tu ambapo umeunganishwa na nyimbo za ndugu zake. Humo Lord anapiga kwa utulivu, nota chache, karibu kama mtu anayesindikiza zaburi, na gitaa la Blackmore linalia juu yake. Ningepewa mamlaka ningeiondoa Never Before pale katikati na kuuweka huu, mara tu kabla ya Smoke on the Water. Jaribuni mpangilio huo nyumbani, mniandikie kama nimekosea.