"Mabadiliko" matatu ndani ya sentensi moja

Swali: Katika makala ya afya nimekuta sentensi hii: "Mabadiliko ya jeni husababisha mabadiliko ya ishara za seli na mabadiliko ya kujieleza kwa jeni, hivyo kuleta saratani." Je, hiki ni Kiswahili kizuri?

Jibu: Kisarufi haina kasoro. Ila neno "mabadiliko" limebebeshwa mizigo mitatu, na msomaji hafiki na hata mmoja.

Mzigo wa kwanza ni wa herufi za DNA, yaani maandishi ya kikemikali ambamo jeni zimeandikwa. Mwaka 1982 watafiti waligundua kuwa jeni ya HRAS kutoka seli za saratani ya kibofu ilitofautiana na ya kawaida kwa herufi moja tu: GGC ilikuwa imegeuka GTC. Ni kama amri "koma" iandikwe "soma". Hilo ndilo badiliko, na likiwa moja lisemwe kwa umoja. Wanaosema "mutesheni" nao siwagombezi.

Ishara je? Hizo zimekwama. Protini ya Ras, ile inayoundwa kwa kufuata jeni ya HRAS, huwaka, hupitisha ujumbe wa seli kugawanyika, kisha hujizima. Ile yenye kasoro hushindwa kujizima, ikabaki inahimiza seli igawanyike hata pasipo agizo. Tunayo "kukwama", "kuzidi", "kukatika", "kuvurugika". Chagua linalosema kilichotokea.

Ama "kujieleza", hapo nagoma. Anayejieleza ni mtuhumiwa, au mwombaji kazi. Jeni husomwa: seli huinakili, ikaunda protini kwa kufuata nakala hiyo. Katika limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, kipande cha kromosomu (furushi la DNA) ya 8 na kingine, mara nyingi cha 14, hubadilishana nafasi, na jeni ya MYC ikajikuta jirani na sehemu za DNA zinazohimiza jeni za kingamwili zisomwe. Protini ya MYC yaweza kuwa ileile ya siku zote. Kilichozidi ni kusomwa. Mtu akiandika "mabadiliko ya jeni" tu, kisa hiki na kile cha HRAS huonekana kitu kimoja.

Tena kuna jambo sentensi hiyo inaficha: "jeni" ya mwanzo na "jeni" za mwisho si zilezile. Iliyoharibika ni moja. Nyingine, herufi zake zikiwa salama, zinafuata tu ishara mbovu.

Ningeandika: "Badiliko katika jeni moja huweza kukwamisha ishara za seli, jeni nyingine zikasomwa kupita kiasi au zisisomwe kabisa, na saratani ikapata njia."

Nampa mwandishi huyo heko moja, hata hivyo: hakuandika "majeni".