Muulize Shangazi: "Uko wapi sasa hivi?"

Wanangu, mwezi huu barua zimekuja na jambo moja, kila mtu na upande wake: kuonana na daktari au mshauri kwa video, hii tunayoiita tiba mtandao. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa 19 Ohio. Nilianza kwa kuogesha wazee majumbani, nikasoma usiku, na leo natoa ushauri wa afya ya akili kwa leseni mbili, ya Ohio na ya Kentucky. Mimi si wakili. Ninayoyasema nayaishi kila Jumatatu asubuhi.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa lori, kwetu Eldoret, makazi Columbus. Baba alifariki nikiwa safarini na akazikwa bila mimi. Tangu hapo usingizi umenikimbia. Nikapata mshauri, mama mmoja Mmarekani, tunaongea kwa video kila Alhamisi. Kila mara, hata salamu hazijaisha, ananiuliza, "Uko wapi sasa hivi?" Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimeegesha Amarillo, Texas, nikamwambia ukweli. Akaniuliza kama niko salama, akasema samahani, leo hatuwezi kuendelea, akafunga. Niliumia sana. Yeye yuko Ohio, mimi mkazi wa Ohio, bima ni ya Ohio. Nimekosa nini? Na siku nyingine nikimwambia niko Columbus, atajuaje? — Dereva, Columbus

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kumkosa mzazi ni jambo moja, kukosa hata kumtupia udongo ni jingine. Huo usingizi haukukimbia bure.

Hukukosa kitu. Wala huyo mama hakukufukuza, ingawa angeweza kukueleza tangu siku ya kwanza badala ya kukuacha unashangaa simu mkononi. Sheria ya Marekani kuhusu tiba haiulizi daktari amekaa wapi. Inauliza mgonjwa yuko wapi dakika ile anapohudumiwa. Ukiwa Amarillo, kwa macho ya sheria yeye amekuja Texas kukuhudumia, na Texas haijampa ruhusa. Makazi yako hayaingii hapo, na bima yako haiingii.

Wewe leseni yako ya lori imetolewa Ohio na inakufikisha mpaka Los Angeles bila mtu kukuuliza. Hesabu njia yenyewe: Ohio, Indiana, Illinois, Missouri, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona, California. Majimbo tisa, leseni moja. Ya mshauri wako haivuki hata mto. Ni mambo ya zamani haya. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka hapa jirani West Virginia, ilisema jimbo lina haki ya kuamua nani atibu watu wake, na tangu hapo kila jimbo lina bodi yake, ada yake na fomu zake. Wakati wa korona majimbo mengi yalilegeza kamba, watu wakazoea. Kisha yakaikaza tena, kila moja kwa wakati wake. Mimi nilikuwa na mteja anayekaa Covington, Kentucky, kabla sijapata leseni ya huko. Kila wiki alikuwa anavuka daraja hadi Cincinnati, upande wetu wa Ohio, anaegesha nyuma ya duka la vyakula, anafunga vioo, ndipo ananipigia. Mwendo wa dakika kumi. Akimaliza kulia anafuta uso, anarudi kwao ng'ambo. Nilikuwa naiona ile taa ya duka inawakawaka nyuma ya kichwa chake, najiuliza sheria hii imemlinda nani.

Hata hivyo, hilo la kumwambia uko Columbus na wewe uko Amarillo, nakuomba usilifanye. Nitakuambia kwa nini, na hii ni aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2021 nilikuwa na binti mmoja kwenye video. Nilimuuliza yuko wapi, akajibu, "Nyumbani." Sikuuliza nyumbani wapi, kwa kuwa kwenye faili nina anwani yake ya Columbus. Katikati ya mazungumzo akaniambia ameshameza vidonge. Nikashika simu ya pili nikapiga 911. Sasa 911 ukiipiga Columbus inapokelewa Columbus. Polisi wakaenda, wakagonga mlango wa nyumba tupu. Kumbe binti alikuwa kwa dada yake Louisville, Kentucky, na dada yupo kazini. Kumpata mtu wa kupokea simu za dharura wa Louisville, nikiwa Columbus, mikono inatetemeka, kulinichukua dakika ambazo hadi leo nazihesabu. Alipona, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo, kwenye karatasi yangu mstari wa kwanza ni anwani ya pale mtu alipo, na wa pili ni namba ya moja kwa moja ya kituo cha dharura cha kaunti hiyo. Ndipo nauliza habari za wiki.

Basi swali la huyo mama lina kazi mbili. Moja ni ya leseni yake. Ya pili ni ya gari la wagonjwa. Ukimdanganya kwa ile ya kwanza, umeiua ya pili.

La kufanya. Kwanza, mwombe siku za miadi zifuate ratiba yako: mkutane siku ambazo magurudumu yako yapo Ohio, hata kama ni Jumapili jioni. Wapo wanaokubali. Pili, ikiwa unahitaji mtu wa kila wiki na wewe ni wa barabarani, tafuta mwanasaikolojia mwenye shahada ya udaktari aliye na idhini ya PSYPACT. Huo ni mkataba wa majimbo, na sasa yamo zaidi ya 40. Mwanasaikolojia mwenye idhini hiyo anaweza kukuhudumia kwa video ukiwa Ohio, Indiana, Illinois, Missouri, Oklahoma, Texas na hata Arizona. California hawamo, kwa hiyo ukifika Barstow utanyamaza. Muulize kwa maneno haya haya: "Je, una idhini ya PSYPACT?" Kama hajui unachosema, hana.

Washauri nasaha nao wametunga mkataba wao, na sisi wa ustawi wa jamii tuna wetu uliotimiza majimbo saba ya mwanzo mwaka 2024. Madaktari wana mkataba unaowaharakishia leseni, lakini bado wanalipia ya kila jimbo. Wauguzi ndio waliotangulia: leseni moja, majimbo mengi, na Ohio imo tangu Januari 2023. Kwa nini muuguzi anaruhusiwa kuvuka mpaka na mimi nilipie karatasi mbili, sijapata wa kunieleza nikaelewa.

Ukiwa njiani na usiku ukawa mzito, piga 988, simu ya msaada kwa aliyeelemewa na moyo. Hiyo haina habari na mpaka wa jimbo, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 15, tuko Des Moines, tulitoka kambi ya Nyarugusu. Mama anaongea na daktari wa akili kwa kompyuta na mimi ndiye ninayetafsiri. Kuna mambo yaliyompata kule Kongo ambayo sikuyajua. Mwezi uliopita aliulizwa, akaniangalia, akasema, "Mwambie sikumbuki." Najua anakumbuka. Nifanyeje? — Mwana wa Fizi

Marahaba mwanangu. Hiyo kazi siyo yako. Umeibeba vizuri, sasa itue.

Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu, na hapo wamo karibu wote wanaopokea Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inatakiwa kumpa mama mkalimani anayeijua kazi, bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ikatiwa nguvu na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kutumiwa kama mkalimani, isipokuwa pale maisha yako hatarini na mkalimani hapatikani mara moja. Kuwa daktari yuko kwenye skrini hakubadilishi kitu. Mkalimani naye anaingizwa kwenye skrini, wanakuwa watatu.

Pigeni simu kliniki kabla ya miadi, siyo siku yenyewe. Semeni: "Mama anahitaji mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, mwanamke." Hayo maneno mawili ya mwisho yasemeni. Niliwahi kumsikia mkalimani wa kwetu pwani akimuuliza mama wa Uvira, Kongo, kama ana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito. Mama akajibu hana, hajawahi kuila. Alichokuwa anasema yeye ni "niko na mawazo mingi," na mkalimani alikuwa anaona ni Kiswahili kibovu. Siyo kibovu. Ndiyo dalili yenyewe aliyokuwa anaitaja.

Siku ya miadi mfungulie mama kompyuta, hakikisha sauti inasikika, kisha toka nje, ufunge mlango. Na ile "sikumbuki" aliyoisema, alikuwa anakulinda wewe. Usimuulize.

Shangazi, habari. Daktari wa mtandaoni aliniandikia sertraline, dawa ya sonona, bila kuniona ana kwa ana, lakini nilipoomba Adderall kwa ajili ya kukosa umakini alisema mpaka niende ofisini. Mbona moja ndiyo na nyingine hapana? — Mwanafunzi, Dallas

Kwa sababu sertraline haimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa na serikali kuu, na Adderall imo, tena daraja la pili, karibu na juu kabisa. Kijana mmoja wa California, Ryan Haight, alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 18, baada ya kutumia dawa za maumivu alizonunua kwenye intaneti. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria yenye jina lake: dawa za namna hiyo zisiandikwe kwa mtandao mpaka daktari awe amemwona mgonjwa uso kwa uso angalau mara moja. Mwaka 2020 sharti hilo liliwekwa kando kwa ajili ya korona, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda kila inapokaribia kwisha. Kwa hiyo daktari wako huenda angeweza, lakini wengi hawataki kuanza na mgonjwa halafu ruhusa iwakatikie katikati. Nenda ofisini mara moja. Dallas hapakosi.

Shangazi, shikamoo. Niko Seattle. Nimejaribu washauri wawili wa hapa, nachoka kueleza mahari ni nini kabla sijafika kwenye shida yenyewe. Nimempata dada mmoja Nairobi, msomi, ana leseni, Kiswahili chake kitamu. Saa tatu usiku kwangu ni saa moja asubuhi kwake. Tatizo liko wapi? — Mke wa mtu, Seattle

Marahaba mwanangu. Umenichekesha na hiyo mahari. Mimi mwenzako nilifundishwa na mwalimu aliyedhani ni bei.

Tatizo ni lile lile la dereva wetu. Leseni ya huyo dada imetoka Kenya, ambako washauri na wanasaikolojia wana sheria yao tangu 2014. Wewe umekaa Washington. Sheria haikukamati wewe, inamhusu yeye anayetoa tiba, lakini taabu itakurudia wewe: bima ya hapa haitamlipa, akikukosea huna bodi ya karibu ya kumshtaki, na usiku ukiharibika yeye hana namba ya kumleta mtu mlangoni kwako. Wapo wanaojiita "kocha" ili wapite. Kubadilisha jina hakubadilishi kazi. Kama anakutibu sonona, anatibu.

Kuongea naye kama dada, mkapiga soga za ndoa na wifi, hakuna aliyekukataza. Shida ikiwa ni ndoa tu na roho imechoka, hata hiyo ni nafuu. Lakini umeandika huku chini, kwa herufi ndogo, kwamba siku nyingine huoni sababu ya kuamka. Barua nzima siichapishi, ila hilo nimelisoma. Kwa hilo nataka mtu mwenye leseni ya Washington, mwenye anwani yako mbele yake. Idara ya Afya ya Washington ina ukurasa wa kutafuta leseni kwa jina, bure. Waulize kina mama wa huko wamempata nani, halafu jina lolote utakalopewa lipitishe hapo kwanza. Na kama atakuwa Mmarekani wa tatu, mwandikie mahari, unyago, wifi na mawifi kwenye karatasi moja, umtumie kabla ya miadi. Nimewahi kumshauri mtu hivyo, na mshauri wake alikuja na maswali mazuri kuliko yangu.

Jambo jingine, maana najua Desemba mnakwenda nyumbani. Ukiwa Nairobi huyo wa Seattle naye huenda akashindwa kukuhudumia, kwa sababu hiyo hiyo imegeuzwa upande. Muulize Oktoba, kabla ya tiketi. Dawa zako uzibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya chupa zake zenye jina lako. Na leo usiku, kabla hujalala, niandikie tena kwenye anwani ile ile ya safu uniambie umefikia wapi.